Bi Verna Ahamia Kiti cha Mbele

Katika mji wa Lafayette, kule Luiziana, hakuna aliyewahi kumshinda Verna Thibodeaux kwa maneno. Aliyeingia saluni kwake alitoka na nywele zilizotengenezwa na habari za mtaa mzima. Lakini alipofikisha miaka arobaini na saba akajiunga na chuo kusomea uuguzi, ulimi wake ukabaki nje ya mlango wa darasa. Alikaa nyuma kabisa, akiomba Mwalimu Guidry asimtazame. Mwalimu akiuliza jina la mfupa, Verna aliinama kana kwamba ameangusha kalamu.

Mtihani wa kwanza ukamwangusha. Mwalimu Guidry akamwita pembeni, naye akaenda akijua anafukuzwa.

"Bi Verna, ghorofa ya pili pale maktaba kuna chumba cha kusaidiana masomo," mwalimu alimwambia. "Nami mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa mteja wao. Nenda."

Hakwenda. Jumamosi alimsimulia Odile, shoga yake wa tangu utotoni, aliyekuwa na dawa ya nywele kichwani na hana pa kukimbilia.

"Chumba kile ni cha wasiojua kitu," Verna alisema.

"Na wewe unajua nini?" Odile akauliza. "Umeusema mji mzima miaka thelathini, leo waogopa kuuliza swali? Osha hii dawa kabla haijaniunguza, na Jumatatu uende."

Jumatatu akaenda. Alisukuma mlango aliodhani ndio wenyewe, akakuta wazee watano waliowahi kuwa wanajeshi wanakunywa kahawa na kula keki. Kile kilikuwa chumba cha wanafunzi waliotoka vitani. Alitaka kurudi kinyumenyume, ila mmoja wao, Alcide Fontenot, akamtambua.

"Si wewe jirani yangu wa kule nyuma darasani? Mwenye kalamu isiyotulia mkononi?"

"Kumbe unaniona?"

"Nitakukosaje, nami nimejificha ubavuni mwako?"

Wote wakacheka, Verna akakatiwa keki. Alcide naye alikuwa ameshindwa mtihani, na mlango wa pili, ule wenyewe, alikuwa akiupita kila siku akijifanya ana haraka. "Nimevuka jangwa chini ya risasi," alisema, "ila mlango ule, Bi Verna, ule mlango!" Basi wakaufungua pamoja.

Ndani walipokewa na mama mmoja mpole, Bi Soileau, mwalimu mstaafu. Hakuwapa kitabu. Alimuuliza Verna anafanya kazi gani, kisha akamkalisha Alcide kitini na kusema, "Haya, huyu ni mteja wako. Mweleze kichwa chake."

Verna akaweka vidole kwenye paji la uso la Alcide, na ulimi ukafunguka. Bi Soileau alimtajia jina la kila mfupa, naye akalirudia huku akipapasa: paji, utosi, kisogo, mashavu, taya. Mfupa ukipata jina, Verna aliutungia umbeya wake: huyu mbishi, huyu ameolewa na jirani. Alcide alicheka mpaka taya lake likaponyoka mikononi mwa Verna.

Wiki iliyofuata wote wawili walikaa mstari wa mbele. Mwalimu Guidry alipouliza, mkono wa Verna ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Alijibu, akaongeza, akatoa mifano, akamsahihisha Alcide ambaye hata hakuwa amesema kitu.

"Bi Verna," mwalimu alisema akizuia kicheko, "waachie na wenzako mfupa mmoja."

Mtihani wa pili walifaulu wote wawili. Siku hizi Jumapili jioni saluni hufungwa kwa wateja na kufunguliwa kwa darasa. Sufuria ya gambo, ule mchuzi mzito wa kwao wa bamia, huchemka chumba cha nyuma, wanafunzi saba hukaa chini ya mashine za kukaushia nywele wakiulizana mishipa, na Odile, ambaye hasomi chochote, huja kula na kuwakosoa wanaokosea.