Fundi wa Kaseti Asiyepunguza Ubora
Fundi wetu wa Tshopo, anayehamishia video za kaseti kwenye kompyuta, hufunga kila kaseti kwa leso, pembe baada ya pembe, kama anayemvisha mtoto nepi. Ukimwomba apunguze ubora ili video ienee kwenye simu yako, hufoka: "Kupunguza kalite? Jamais! Picha ya mutu iko na heshima yake!" Juzi mama Georgette alileta kaseti ya harusi yake. Tukaitazama pamoja, safi kabisa, kila punje ya wali ikionekana. Mezani, humo kwenye video, kijana mmoja akaangaza huku na huku, akalifunga paja la kuku kwa leso, pembe baada ya pembe, akalitia mfukoni mwa koti. Sote tukamgeukia fundi. Akakohoa. "Bon, mama," akasema kwa upole, "ile kalite, tupunguze kidogo."