Nilivyoufuta Msalaba wa Hela ya Mjerumani

Nimekosa, jamani, na kosa langu nimembebesha mtu mwingine! Msiniulize jina. Babati ni mji mdogo.

Mama mkwe wangu alikuwa na sarafu moja ya shaba, hela ya Mjerumani, aliyoachiwa na baba yake. Ilikuwa nyeusi kama chungu. Siku mama alipobatizwa, mzee aliikwaruza kwa msumari alama ya msalaba. Msalaba ulishafifia, na macho ya mama hayaoni vizuri, lakini kidole gumba chake kilikuwa kinaujua. Alikuwa akiupapasa anaposali.

Alisema mjukuu wa kwanza kupata kipaimara ndiye atapewa. Akawa mwanangu Eliza! Akanikabidhi niisafishe.

Wifi yangu, Mama Neema, alikuja kutoka Mutuka siku moja kabla ya kipaimara, kutusaidia kupika. Kuniona na ile sarafu akasema, "Wifi, hiyo usije ukaisugua. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kausha na kitambaa laini, basi. Huo weusi uache. Kuna mnunuzi wa sarafu za zamani aliniambia."

Mh! Huyu na wanunuzi wa sarafu wamejuania wapi? Halafu Neema wake ni mkubwa kuliko Eliza, ila alichelewa mafundisho. Nikajua ni kijicho tu, anataka mwanangu apewe kitu kichafu mbele ya wageni.

Nikamjibu, "Sawa, wifi." Alipotoka kwenda bombani, nikachukua limao, majivu na waya wa kusugulia masufuria. Nilisugua mpaka mkono ukauma. Ikang'aa! Msalaba wala sikuukumbuka.

Kesho yake, baada ya misa, mama aliishika mbele ya ukoo mzima. Akapitisha kidole. Akaigeuza, akapitisha tena.

"Hii siyo ya baba. Nani ameibadilisha?"

Ningesema ukweli pale pale. Lakini, Mungu anisamehe, niliogopa, nikasema, "Mimi sijui, mama. Labda wifi, maana ndiye anayejuana na wanunuzi."

Mama Neema akamshika mwanawe mkono, wakaondoka hata chakula hawajala. Mpaka leo hajakanyaga kwa mama yake.

Juzi nimeshindwa kuvumilia. Nimempigia mama magoti, nimemweleza yote, na ule waya nimemwekea mkononi. Mnajua alinijibu nini?

"Una moyo mzuri, mwanangu. Lakini mwizi usimtetee, hata kama ni wifi yako."

Nimerudia mara tatu. Haamini!

Ndugu zangu, sarafu ya zamani msiisugue, iacheni na weusi wake. Na mtu akikushauri, msikilize kwanza kabla hujaanza kumtafutia ubaya. Mimi nilimshuku mtu asiye na kosa, na sasa nakiri kosa langu naambiwa nina huruma.

Jumapili hii mama alisali kwa sauti, akimshukuru Mungu kwa kumpa mkwe mwema. Na mimi, jamani, nikaitikia amina.