Mawe ya Bagika na Bagalu

Nyarugusu hakuna jiwe la bure. Mimi ninayekuambia hivyo hununua mawe yenye dhahabu, kiroba kwa kiroba, na nikishahesabu nahesabu tena, kwa sababu mara ya kwanza huwa namhesabia muuzaji, mara ya pili najihesabia mwenyewe. Hata kijana wa kukusogezea kiroba kutoka kivulini hadi kwenye mizani anakutajia bei kabla hajainama. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningetaja kubwa zaidi.

Sasa Jumamosi iliyopita nilikuwa naelekea Shinyanga mjini, nikasimama Samuye, pale zahanati, ninyooshe miguu. Nikamkuta fundi anabomoa msingi wa mawe uliokuwa umebeba tenki la maji ya mvua. Maji ya bomba yamefika, tenki limeshaondolewa, msingi umebaki unaziba njia. Fundi akaona mtu ameshuka kwenye gari, akasema, "Bosi, mawe haya vipi? Nakufanyia bei nzuri." Akaitaja.

Nitakuambia ilikuwaje, lakini kaa kwanza. Mawe hayo nayajua.

Nilisoma sekondari mjini, nyumbani kwetu Ngokolo, na likizo nilikuwa nakwenda Samuye kwa bibi kula michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Shuleni tulikuwa na klabu ya kujitolea. Tulifagia soko, tuliwapelekea wagonjwa sabuni, tulipanda miti ambayo mbuzi waliifurahia sana. Mimi nilikuwa mnunuzi wa klabu. Sikuchaguliwa. Mwalimu mlezi alinisikia nikibishana na mama muuza maandazi juu ya hewa iliyomo ndani ya andazi, akasema huyu apewe kazi.

Mwaka mmoja tukaenda kufanya usafi kwenye zahanati hiyo. Nesi alituonyesha ndoo zilizopangwa nje ya chumba cha kujifungulia. "Kila mama anakuja na ndoo yake ya maji," alisema. "Asiye nayo nampokelea mtoto kwa maji yangu ya kunywa." Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayekuelekeza njia. Wenzangu waliendelea kufagia. Mimi nilisimama, maana shangazi yangu, kitinda mimba wa bibi, alikuwa mjamzito, na siku zake zilikuwa zinaangukia mwanzo wa mvua. Uzazi uliotangulia alikuja na ndoo kichwani kutoka lamboni, uchungu ukiwa umeshaanza.

Basi tukaamua: tenki, kabla mvua hazijaanza. Tulichemsha mayai, tukakaanga karanga, tukaosha pikipiki za walimu na za jamaa za walimu. Harufu ya karanga ilinikaa kwenye sare mpaka mbwa wa jirani wakawa marafiki zangu. Tenki likapatikana, na gata, na saruji ambayo niliipigania mpaka mwenye duka akaniuliza nina ugomvi gani na ukoo wake. Kilichobaki ni mawe na mchanga wa msingi, na lori la kuvibeba. Mwenye lori nilimshindwa. Alikuwa mtu wa kunywa chai yake polepole huku ukimbembeleza.

Mwalimu mlezi akasema tufanye tamasha baada ya mavuno, uwanjani pale pale mbele ya zahanati. Tukaalika pande zote mbili za ngoma, Bagika na Bagalu. Kwetu Usukumani pande hizi hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na majaji hawahitajiki: anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi. Tukafunga kamba kuzunguka uwanja, tukaweka meza ya kiingilio, tukamweka mgeni rasmi kwenye kiti chenye kitambaa.

Watoto wa Kisukuma kabisa, na tukafunga kamba.

Waliolipa waliingia wachache, wakakaa kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Waliobaki, yaani karibu dunia nzima, walisimama nje ya kamba wakitazama bure. Manju wa Bagika, kiongozi wa nyimbo zao, mzee mwembamba mwenye njuga miguuni, alipiga hesabu haraka kuliko mimi. Watu wako wapi? Kule. Akairuka kamba na ngoma zake zote. Bagalu, waachwe wao? Wakaruka pia. Ndani tukabaki sisi, spika, na mgeni rasmi.

Mwalimu mlezi akamkimbilia manju.

"Baba, rudini ndani. Tunatafuta hela ya lori."

"Lori la nini?"

"La kuleta mawe na mchanga. Tunajenga msingi wa tenki la akina mama."

Manju alicheka mpaka njuga zikalia. "Mwalimu! Siku zote hizi unanililia watu, watu, watu. Watu si hawa? Mbona mawe hukuyataja?" Akaitazama kamba yetu. "Na hii mlitaka kumfunga nani? Ndama?"

Kisha akageukia umati, akatangaza kwa wimbo: anayewapenda Bagika asipige makofi, alete jiwe. Manju wa Bagalu hakungoja wimbo uishe. Akachora duara kwa fimbo upande wa pili, akapaza sauti, "Wenye mifupa waje huku!"

Ndugu yangu, nimeona mengi tangu siku hiyo. Nimeona dhahabu ikitoka kwenye udongo na wanaume wazima wakipiga magoti. Sijaona kitu kama kile. Nyuma ya zahanati kuna kilima cha mawe, nilikipita kila likizo bila kukiangalia. Kilima kile kilianza kutembea. Wanaume walishuka nacho mabegani, miguu ikifuata ngoma. Wanawake walitoka kwenye mto uliokauka na mabeseni ya mchanga, wakizunguka mara moja kwa madaha kabla ya kumwaga. Mikokoteni ya ng'ombe ikaja. Waliolipa kiingilio wakatoka kwenda kubeba. Mgeni rasmi akavua koti, akalitundika kwenye kamba, ndipo kamba ikapata kazi. Vumbi lilipanda, na chini ya vumbi ardhi ilikuwa inatikisika. Nilihisi mtikisiko huo kwenye meno.

Nikamwona bibi yangu, na jiwe kichwani juu ya kata ya kanga. Bibi huyu alikuwa hakupi michembe kabla hujamtekea maji.

"Bibi, hilo zito. Liache."

"Nikiliacha Bagalu watashinda. Utakwenda kujibu wewe, ng'wanawane?"

Jua likielekea kuzama, marundo mawili yalikuwa yananipita kimo. Manju wakaniita: si wewe unayehesabu kila kitu mara mbili? Hesabu, useme nani kashinda. Nilihesabu. Nikarudia. Hesabu hazikulingana, kwa sababu nikiwa upande huu, upande ule walikuwa wanaongeza nyuma ya mgongo wangu. Mpaka leo kila upande unasema ulishinda, na fundi aliyejenga msingi aliyachanganya mawe yote.

Mvua za kwanza zilikuta tenki limesimama. Shangazi alikwenda na ndoo yake kwa mazoea, tupu. Nesi alifungua koki. Shangazi alirudi nyumbani na mtoto mgongoni, na ndoo ile imejaa nguo zilizofuliwa.

Nesi amestaafu. Manju wote wawili wamezikwa, na bibi pia. Siku hizi tunachangishana kwa simu: ujumbe unaingia, unatuma, hakuna anayetoka jasho wala anayecheza. Kazi inafanyika, sikatai. Ila ardhi haitikisiki.

Basi Jumamosi nilisimama mbele ya msingi ule nikitafuta jiwe la bibi. Ningelijuaje? Yalikuwa mawe tu. Fundi, akidhani nambana, akapunguza bei. Akapunguza tena. Miaka yote ya kununua na kuuza, na hapo bei inashuka mbele yangu bila mimi kufungua mdomo, nami natamani ipande.