Kijiko cha Papa

Uhuru ulikuwa bado mbichi, na mji wetu ulikuwa ungali unaitwa kwa jina la mzungu, nilipokuwa nikihudumia wazee katika nyumba moja ya masista karibu na mto. Mkubwa wetu wa kazi alikuwa muuguzi tuliyemwita Mama tu, mwanamke mnene, mkali, mwenye kicheko cha kutikisa vitanda.

Moyo wake ulikuwa kwa mzee mmoja kutoka Yanonge, tuliyemwita papa, yaani baba, aliyeendesha meli za mtoni mpaka macho yakapungua nguvu. Papa huyu aliogopa sumu. Ndugu yake alikula matangani akafa, na tangu hapo hakutia kitu mdomoni mpaka anayemlisha aonje kwanza, mbele yake, kwa kijiko kilekile. Kila asubuhi Mama alionja uji, akameza, akafungua kinywa wazi kama mtoto.

"Umeona? Niko muzima. Kula sasa, muzee wa mashaka!"

Papa alicheka, ndipo akala.

Mwaka ule mafua makali yalikuwa yakizunguka nchi. Daktari akatuletea kisanduku kidogo cha chanjo kilichofika kwa ndege. Alisema ni ya sisi wahudumu: mwili wa kizee hausikii sana dawa ile, na wazee hawatoki nje, kwa hiyo ugonjwa ukiingia utaingia na sisi.

Lo, tulinung'unika! Kwetu nani anatia mkono kwenye sahani kabla ya wakubwa? Mimi nilichomwa huku nimeinamisha uso kwa haya. Mama alikataa kabisa.

"Docteur, mimi mutoto nichomwe, na papa iko anaangalia tu? Non. Yangu mupe yeye."

Daktari alibishana naye hadi akachoka, akamchoma papa.

"Na weye?" papa akauliza.

"Mimi nilishapata, papa."

Uongo mtupu, wa mapenzi. Nikiukumbuka nakasirika mpaka leo, na sijui nimkasirikie nani.

Kisha waasi wakauteka mji. Wahudumu wengi hawakuweza kuja tena. Mama alikuja, akipita kwenye vizuizi, akibanana na watu sokoni kutafuta unga. Akarudi na kikohozi. "Ni vumbi," alisema. Nikamwambia alale, papa nitamlisha mimi. Nikaonja uji mbele yake, nikafungua kinywa, lakini wapi! Papa aligeukia ukuta. Risasi zinalia upande wa Kapalata, kila mtu anamshuku mwenzake, na yeye aliyemwamini alikuwa mmoja tu. Alishinda na njaa siku nzima.

Jioni Mama akainuka kitandani. Akachukua kijiko, akaonja, akameza, akafungua kinywa. Papa akala uji wote.

Baada ya siku chache papa akashikwa na homa na kikohozi kilekile. Mama alipona. Papa hakupona. Tulimzika uani kwa sababu makaburini hapakufikika. Mama alikaa chini penye udongo, kijiko mkononi.

"Sumu aliyokuwa anaogopa," alisema, "ni mimi nilimuletea."

Tukamwambia ni vita, ni mapenzi ya Mungu. Akatuambia tunyamaze. Mimi nilikuwa nalia kuliko yeye.

Amani iliporudi, kikaja kisanduku kingine. Safari hii ilikuwamo na ya wazee, nao walikuwa wameketi uani wakingoja. Mama akawapita wote, akakaa wa kwanza mbele ya daktari, akapandisha mkono wa blauzi. Bibi mmoja akaguna, "Kumbe siku hizi watoto wanatangulia wakubwa?"

Zamani Mama angemjibu kwa kicheko. Safari hii machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Niko naonja kwanza, mama," alisema.

Sindano ilipotoka, akamgeukia yule bibi, akafungua kinywa wazi.