Sura ya Yaya Mwepu Ndani ya Beseni

Ni harufu iliyonirudisha, harufu ya dawa, chungu na tamu kidogo. Juzi sokoni nilikuwa nabishana bei na muuza kamera kuukuu, zile zinazotema picha papo hapo. Akapiga moja ili kunishawishi. Nikanusa, na bei ikanitoka kichwani. Wanaonijua hawataamini.

Nikawa tena mtoto kule Kapata, mtaani kwetu, asubuhi ya kiangazi yenye baridi, vumbi bado limelala. Yaya Mwepu, kaka yangu mkubwa, alikuwa anaondoka kwenda kuchimba madini upande wa Kisenge, na lori lilikuwa linanguruma barabarani. Nyumbani hatukuwa na picha yake hata moja. Mama alikuwa amemwita mpiga picha wa baiskeli, ambaye kamera yake ilibakiwa na karatasi moja tu.

Kamera ikakoroma, ikaitema. Karatasi ya kijivu, tupu.

"Tata, mutoto wangu iko wapi?" mama akamuuliza mpiga picha.

"Anakuya, mama. Ngoja kidogo."

"Lori haingoje!" yaya akasema, mfuko begani.

Mama alikuwa muosha mawe ya madini mtoni. Kwake, kitu cha kijivu kilikuwa kitu ambacho hakijaoshwa. Kabla hatujamzuia, aliizamisha picha katika beseni la maji yaliyolala nje, akaipapasa kwa kidole gumba, kama anayetafuta rangi ya shaba kwenye jiwe.

"Eh, mama, unanizamisha!" yaya akacheka. Mpiga picha alishika kichwa.

Ndipo yaya akaanza kuja. Meno kwanza, kisha macho, kisha yeye mzima, amepakwa ukijani.

"Sasa unaweza kwenda," mama akamwambia.

Wanasema aliyevumbua picha hizi alichokozwa na bintiye mdogo aliyekataa kungoja; mtoto huyo ningeelewana naye. Dawa hukaa katika kifuko ukingoni mwa karatasi. Kamera hukipasua, dawa ikatandaa kati ya matabaka, na picha hujichora humo ndani, mahali maji hayafiki. Baridi ya beseni ilileta ule ukijani, basi.

Hayo niliyajua ukubwani. Lakini mwaka ule ule wa picha shimo lilimwangukia yaya, na wenzake walichimba mpaka wakachoka, hawakumfikia. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kumweleza mama habari ya dawa, alikuwa ameishika picha kwa mikono miwili.

"Hapa," akasema, "nilimutoa mi mwenyewe."

Mimi, ninayebishana hata bei ya chumvi, sikubisha.