Koti la Safari

Shangazi ndiye hupanga masanduku ya ukoo mzima, ingawa mwenyewe hajawahi kupanda ndege. Huviringisha nguo, huchomeka soksi ndani ya viatu, kisha hukalia kifuniko na kuibembeleza zipu: "Haya mama, taratibu." Safari hii anayeondoka ni binti wa kaka yake, anayekwenda kusoma ng'ambo miaka mitatu, na mzani umegoma: vitabu vinne lazima vibaki. Binti amevikumbatia, machozi yanamlengalenga.

"Nani kakuambia koti linapimwa?" Shangazi anauliza, sindano mdomoni. Anafumua bitana, anashona mifuko minne kwa ndani, anavitumbukiza vitabu, anamvisha. "Tembea nikuone." Binti anatembea kama bata. Shangazi anacheka mpaka anashika ukuta.

"Wakikuuliza, waambie umenenepa kwa kusoma."