Mnara wa Mwana wa Mfalme Mwenye Mabawa

Asifiwe Mungu aliyenibakizia macho ya kusoma hata baada ya magoti kuanza kunung'unika. Neno lake nimelisoma tangu ujana wangu, na bado lanishibisha. Mwaka jana, kwa uvumilivu alionijalia, nilisoma pia vitabu vinne vya mapenzi na maajabu.

Vilikuwa vya mjukuu wangu, msichana aliyemaliza shule na sasa anasuka watu nywele mtaani Kawangware 46, anakoishi na mama yake. Huyo mama ni binti yangu. Alinijia hapa mtaani kwangu, Soweto East, akaviweka mezani na kuvikandamiza kwa kiganja kama mtu anayezuia kuku asitoroke.

"Baba, hivi nilikuwa nawashia jiko. Vina majini. Kuna mtu ana mabawa, anabusu msichana! Soma wewe useme. Ukisema vichomwe, nachoma."

"Si uongee naye mwenyewe?"

"Mimi? Mambo ya mapenzi?" Alishtuka kana kwamba nimemtukana. "Wewe ndiye bwana yake. Ongea na mke wako."

Kwetu magharibi, tulikotoka kabla ya kuja mjini, mzazi na mtoto hawazungumzi habari za mapenzi. Haya huwafunga midomo. Lakini babu na mjukuu wa kike huitana mume na mke kwa utani, na katika utani huo hupita maneno ambayo mama hawezi kuyatamka. Mjukuu wangu ameniita bwana yake tangu alipojua kusema, na asiponiita hivyo huniita Kuka, yaani babu. Mke wangu humwita mke mwenzake, na humtuma maji bila huruma.

Basi nikasoma. Nilianza kwa nia ya kukamata dhambi, nikajikuta nimesahau chai ikapoa. Binti wa mfinyanzi anashuka katika ufalme ulio chini ya ziwa, ambako mtu akisema uongo maji yanayomzunguka huchafuka, kila mtu akaona. Yeyote aliyebuni jambo hilo ana kipaji, nami nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Katika kitabu cha pili binti huyo anamlilia mama yake aliyekufa, anavaa leso yake na kukataa ifuliwe. Hapo nilivua miwani. Majini wa kuabudiwa sikuwaona. Samaki waliongea, ni kweli, lakini hata Maandiko yana miti inayosemezana, wala hatuyachomi.

Kasoro hazikukosekana. Kitabu cha tatu ni ugomvi mmoja unaopatanishwa na kuanza upya, kama mchuzi ulioongezwa maji wageni walipozidi. Mwana wa mfalme, yule mwenye mabawa, hana kazi ila kusimama dirishani. Hakuna anayefua wala anayezeeka. Kurasa za mabusu nilizifunua upesi upesi.

Lakini la kitabu cha nne lilinikaa kooni. Mwana wa mfalme anamfungia msichana mnarani ili asidhurike, anamfichia viatu. Msichana analia, kisha anamshukuru. Hadithi inauita huo upendo, na yale maji yanayojua uongo yanabaki safi.

Jumamosi nikaenda Kawangware na vile vitabu ndani ya mfuko. Mjukuu alikuwa mlangoni pa chumba chao, katika ploti ya nyumba za kupanga, akichana nywele za bandia. Mama yake alikuwa nyuma ya pazia akikata mboga za sukuma.

"Sasa, bwana yangu! Umesoma ama ulizifanya mto?"

"Nimesoma. Kumbe nina mke mwenza wa kiume, tena mwenye mabawa?"

"Wee Kuka! Ngazi ya ploti tu inakushinda, utapaa aje?"

Nilicheka, nikaketi. "Mke wangu, nikikufungia ndani na kuficha viatu vyako kwa sababu nakupenda, utanishukuru?"

Kitana kilisimama. "Hapo kwa mnara?"

"Hapo."

"Mimi nililia na yeye. Niliona ni love kabisa." Akafikiri. "Lakini wewe ukinifungia, nitapiga nduru mpaka ploti yote ikuje."

"Mbona yeye hakupiga?"

"Sababu huyo mwanaume ni mrembo, Kuka. Ako na mabawa." Alijisikia akisema hivyo, akaziba mdomo.

Kisu nyuma ya pazia kilikuwa kimenyamaza. "Baba," sauti ikatoka huko, "mwambie mke wako mimi ningeuvunja huo mlango."

Mjukuu alinikodolea macho. "Bwana yangu, uliza mama alijuaje kuna mlango."

"Mwambie nilisoma hapo tu, nikitafuta majini!"

"Mwambie hiyo hapo tu yake ni ukurasa wa mbali sana!"

"Mwambie mwanamume anayeficha viatu leo, kesho ataficha simu. Amkimbie, hata akiwa na mabawa manne."

"Mwambie nimesikia," mjukuu akasema, polepole, bila kucheka.

Nilikaa katikati yao kama daraja, bila kupeleka hata neno moja, maana kila mmoja alisikia. Kisha nikatoa hukumu niliyotumwa kutoa: vitabu havichomwi. Binti yangu alitoka akipangusa mikono, akavichukua vitatu na kuvirudisha juu ya kabati la mwanawe. Cha kwanza alibaki nacho mkononi, akarudi nacho nyuma ya pazia.

Nawe uliyenivumilia hadi hapa, Mungu akujalie nyumba yenye milango isiyofungwa kwa nje, na watu wa kukuambia ukweli huku wakicheka. Amina.